Wimbo wa Kihindi wa Kuombea Radhi

"Huo si wimbo," nilimwambia binti yangu. "Huo ni msiba mwengine. Uzime!"

Shadya alikuwa kaishika simu mbele ya uso wangu. Katoka nayo nyumbani kwetu Madungu mpaka huku Kengeja na jua lote lile, eti ili mie nisikilize. Simu ikapiga ngoma, du du du, kisha mwanamme mmoja akaanza kufoka maneno mbio mbio kama anayegombana na mwenye duka. Katikati ya vurugu hilo nikasikia sauti ya kike ikiimba ule mstari. Mstari wetu! Mmoja tu, umekatwa kichwa na mkia, unarudiwa rudiwa. Halafu ngoma tena. Na kwenye picha msichana kavaa kitambaa ambacho mie nisingekifutia hata meza.

"Baba kasema usikilize mpaka mwisho," alisema Shadya.

"Mwambie baba'ako mie nna masikio mawili tu, na yote bado nayahitaji."

Ngoja nieleze, maana nikiendelea hivi mtanidhania nimerukwa na akili. Mume wangu, Bwana Sleiman, hajui kuomba radhi. Si kwamba ni mtu mbaya. Ni mtu wa kusali, hana mkono mrefu, hajanipiga hata kwa upande wa kanga. Lakini neno "nisamehe" halijapata kumtoka kinywani. Mama yake alikuwa akisema mwanangu huyu alizaliwa bila neno hilo, na mie nikadhani mkwe ananifanyia mzaha.

Mjini Chake kulikuwa na sinema ujanani mwetu, na filamu za Kihindi zilikuwa ndiyo chakula chetu. Kulikuwa na siku ya wanawake, tukienda tumejifunika, na leso za kulilia tumezibana mikononi. Katika filamu moja, kijana kamuudhi msichana, msichana kajifungia chumbani, na kijana kasimama chini ya dirisha mvua inamnyeshea, anaimba. Anaimba weee, mpaka dirisha linafunguliwa. Ukumbi mzima tulilia. Kihindi hakuna aliyekijua, lakini nani alihitaji kukijua? Mtu kaloa chapachapa, mikono kaikunjua, macho mekundu. Anaomba radhi, basi.

Sleiman na kaka yangu Khatib waliitazama filamu ile mpaka mlinda mlango akawachoka. Walikuwa marafiki kabla ya kuwa mashemegi. Khatib ndiye aliyemleta Sleiman nyumbani kwetu, na ndiye aliyeurikodi wimbo ule kwenye kaseti akatupa siku ya harusi. Akaniambia, "Mwatima, mumeo akikuudhi atakupigia hii."

Mzaha huo. Lakini Sleiman akaushika kama sharia! Mara ya kwanza aliyoniudhi aliniletea wageni wa Micheweni bila ya taarifa, na ndani mna muhogo mkavu tu. Walipoondoka nikanuna. Yeye akatoka, akarudi, akaitia kaseti kwenye redio, akaenda kukaa kibarazani kanipa mgongo. Nikausikiliza wimbo mpaka ukaisha. Nikapika chai ya tangawizi, nikamuekea kikombe, yakaisha.

Na tangu hapo ndivyo tulivyoishi. Watoto wakisikia ule wimbo wanaambiana, "Leo baba kakosa." Majirani nao wanachungulia kwenye ua: "Bi Mwatima, kafanya nini tena?" Wengine wakinionea wivu, maana waume zao walikuwa hawawapigii hata mluzi. Kaseti ilipoliwa na redio akatafuta nyengine. Hiyo nayo ilipokufa tulikuwa tumeshazeeka kidogo, na makosa yenyewe yamekuwa madogo madogo. Kasahau sukari. Kakanyaga mchele nilioanika. Nikayasamehe bila ya muziki.

Sasa hili la mwaka huu si la sukari.

Ule uchaguzi wa mwanzo ulipofutwa ukaja wa marudio, Pemba ikagawika mapande. Wengi walisema hatuendi kupiga kura. Wachache walikwenda, na Khatib alikuwa mmojawao. Kwa nini alikwenda ni juu yake, na kesha kwenda kumueleza Mola wake. Lakini waliobaki nyumbani wakawatenga waliokwenda. Hawanunui dukani kwao, hawaitikii salamu zao, hawali karamu zao. Watu waliokuwa wakila sahani moja! Na barza ya wanaume anayokaa Sleiman pale Madungu ilikuwa ya mwanzo kula kiapo hicho. Nilimwambia, "Bwana we, mambo ya barza yaache barzani. Khatib ni kaka yangu." Akanijibu kwamba mie mwanamke sijui. Haya.

Khatib akaugua figo. Nikawa nakwenda na kurudi, leo Madungu, kesho Kengeja kwake. Sleiman hakwenda hata siku moja. Alikuwa akiniuliza, "Hajambo?" bila ya kutaja jina, na mie nikimjibu, "Nani?" ili alitaje. Halitaji.

Khatib alipofariki, Sleiman alisema ana homa. Homa! Mtu aliyeamka akala chapati na mchuzi! Nikenda peke yangu. Na mazishi yale, jamani, Mungu asinioneshe tena. Nyie mnajua jeneza la Muislamu linavyokwenda kwetu: halikai bega moja, watu wanapokezana, kila mtu anataka thawabu zake, unaliona linakwenda mbio juu ya vichwa. La kaka yangu lilibebwa na watu wale wale tokea mlangoni mpaka kaburini, hakuna wa kuwapokea. Nilisimama mlangoni nikaliona likenda taratibu, linayumba, wamechoka. Mtu aliyezika wazazi wa nusu ya watu hapa Kengeja.

Sikurudi Madungu. Nikabaki na wifi yangu Mwanapili, mke wa Khatib, aliyekuwa kakaa eda. Nikasema nyumba ya Sleiman siikanyagi mpaka nijue nna mume au nna mwanachama.

Ndipo akaniletea huo wimbo wenye ngoma.

Hebu niambieni. Siku hizi hawa watu wa Bombei wamekosa nini hata wasitunge vyao? Wanachukua wimbo ambao wazee wao waliutolea roho, wanaukata vipande kama nyama ya buchani, wanatia magitaa, wanatia mtu wa kufoka, wanatia gari jekundu, na msichana anacheza juu ya gari! Kwa nini juu ya gari? Kijana hanyeshewi na mvua, kavaa miwani ya jua usiku. Huyo anaomba radhi ya nini? Kila kitu kimekuwa marudio, uchaguzi marudio, nyimbo marudio, na marudio yote hayafiki hata nusu ya cha mwanzo.

Shadya akarudi Madungu na jawabu langu. Juma lililofuata akaja tena na wimbo mwengine. Safari hii hakuna ngoma. Kuna kijana mmoja kalala kitandani kifua wazi, anaimba kwa kunong'ona, kama kabanwa na mafua. Maneno ni yale yale, lakini yamelainishwa mpaka hayana mfupa. Mwanapili aliusikiliza na yeye, akauliza, "Huyu mgonjwa?"

"Mama," Shadya akasema, naye kesha kuchoka na sisi sote wawili, "baba hajui kutafuta. Anataja jina la wimbo, zinakuja hizi mpya juu. Ule wa zamani uko chini kabisa."

"Basi na ateremke chini!" nikasema. "Ana miguu gani isiyoweza kuteremka? Mwanamme kakosa kosa la kumuacha mtu akatiwa kaburini bila ya kumbeba, halafu anachukua cha juu juu!"

Shadya akaningoja nimalize. Ni mwalimu wa Kiingereza, kazoea kusubiri watoto wanyamaze.

Mara ya tatu alikuja anacheka. Baba'ake alikwenda Chake, kamtafuta fundi wa simu, kakaa naye asubuhi nzima mpaka ukapatikana. Tukaingia chumbani kwa Mwanapili, tukakaa kitandani watatu. Shadya akabonyeza.

Ulikuwa wenyewe. Ile zumari ya mwanzo. Ile mvua ya uongo. Yule kijana mwembamba na nywele zake zimelala usoni. Na ile sauti, ya mtu aliyekufa siku nyingi, inapanda taratibu, haina haraka. Nikamuona Khatib kasimama uani kwetu na kaseti mkononi, anacheka. Nililia, na Mwanapili akalia, na nikasema moyoni: basi. Kahangaika mzee wa watu. Mtu hubadilishi alivyoumbwa. Kesho nitarudi.

Shadya hakulia. Alikuwa kaikaribisha simu machoni.

"Mama, kuna maandishi hapa chini ya picha. Tafsiri ya Kiingereza."

"Tusomee," nikasema, nikijifuta kwa kanga. "Wifi yangu asikie maneno mazuri."

"Mama..." akasita. "Haombi radhi."

"Nani haombi radhi?"

"Huyu kijana. Anasema: Umefunga dirisha kwa kiburi cha uzuri wako. Mie sijakukosa kitu. Ni wewe uliyeniumiza, na mvua hii shahidi wangu. Siku nitakayoondoka utalia, na dirisha utalifungua, na mie sitakuwepo."

"Rudisha nyuma. Umesoma vibaya."

Akarudisha. Akasoma tena, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Wimbo mzima. Hakuna pahala, mwanzo wala mwisho, alipotamka nisamehe. Kijana kamuudhi msichana, halafu kamsimamia chini ya dirisha na mvua yote ile, anamlaumu!

Mwanapili alikuwa hajacheka tangu mumewe aingie kaburini. Alicheka siku ile mpaka ushungi ukamdondoka. "Wifi!" anasema, kajishika mbavu. "Wifi, miaka yote ile unampikia chai!"

Na mie nikacheka. Nani asingecheka? Ndoa nzima nimekaa nasikiliza naambiwa nna kiburi, na nikimaliza kuambiwa nainuka nabandika birika. Sleiman naye hakujua, maskini, Kihindi chake ni kama changu. Lakini kicheko kiliponitoka, kilichobaki kilinichoma. Nilijiona nilivyokuwa. Sikupata kuombwa radhi hata siku moja, mie. Nilijiombea mwenyewe ndani ya kichwa changu, kwa niaba yake, na nikajikubalia. Kwa sukari na mchele haidhuru. Na hili la Khatib je, nalo nilikuwa tayari kumuombea mwenyewe! Kesho ningerudi Madungu nikambandikie birika, na kaka yangu yuko chini ya mchanga hata salamu hajapewa.

Hasira ziliponipanda hapo, wallahi, nilisimama mwenyewe bila ya kujua.

"Nisikilize," nikamwambia Shadya. "Kamwambie baba'ako sitaki wimbo. Sitaki mpya, sitaki wa zamani, asiniletee hata kasida. Nataka maneno, ya Kiswahili, kwa mdomo wake. Na asije kunambia mie, aliyekosewa si mie. Hitima ya arubaini ya Khatib ni Ijumaa, baada ya alasiri, hapa uani. Aje, asimame mbele ya wanaume, aseme. Akishindwa, basi talaka yangu na aipitishe huko huko kwenye simu, na hiyo akitaka aitie ngoma."

"Mama, wenzake wa barza watamtenga."

"Na kaka yangu walimfanya nini?"

Akaondoka bila ya kunywa maji.

Ijumaa ilipofika nilikuwa sina raha. Nilikoroga uji wa hitima ukataka kuungua, nikamkaripia kila mtu aliyepita jikoni. Watu walikuja, si wengi, wale wale waliobeba jeneza. Nikakaa chumbani na Mwanapili, karibu na dirisha lenye pazia, mahala panaposikika uani. Wakaanza kusoma. Kila mlango wa uzio ukilia nachungulia. Mara ni mtu wa ubani, mara ni mbuzi.

Sleiman alikuja wamefika nusu ya Yasini. Kanzu yake haikupigwa pasi, na nani wa kumpigia? Alikaa mwisho wa mkeka, karibu na viatu, na hakuna aliyesogea ili apate nafasi. Waliokuwa karibu naye walitazama misahafu yao. Akasoma nao. Sauti yake niliijua kati ya sauti zote.

Dua ikaombwa, ubani ukapita, sinia zikaanza kutoka. Ndipo akasimama. Watu wakadhani anaondoka, na mie nikadhani hivyo hivyo. Lakini alibaki kasimama. Alisimama mpaka mikono iliyokuwa imeshaingia kwenye sinia ikatulia. Midomo inatikisika, hakuna kinachotoka. "Sema, Sleiman," nikanong'ona mie huku ndani, na kanga nimeing'ata. "Sema, mwanamme, sema."

"Mnanijua," akasema mwisho. "Sikuja kumzika Khatib. Nilisema nna homa. Sikuwa na homa. Niliwaogopa wenzangu." Akapumua. "Nimekosa. Nawaombeni mnisamehe. Namuomba yeye anisamehe."

Jamani, nilitamani kupiga kigelegele, ndani ya nyumba ya eda! Kalisema! Nikamshika Mwanapili mkono. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Na kuna jengine, hata mke wangu halijui. Khatib alipokuwa mgonjwa alinipigia simu. Nimekaa barzani, wenzangu wapo. Nikaliona jina lake. Nikaiacha ikalia mpaka ikanyamaza. Siku ya pili akapiga tena, niko peke yangu chumbani. Nikaiacha tena. Sijui alitaka kunambia nini. Sitajua."

Nikauachia mkono wa Mwanapili.

Nilitaka maneno, na nikayapata, na lau ningelijua kuwa hilo limo ndani yake ningeliuchukua ule wimbo wenye ngoma nikashukuru. Nililala na mtu huyu kitanda kimoja, simu ile iko chini ya mto wake. Nilikuwa nikitoka Kengeja nimechoka, nikimueleza Khatib kala nini, Khatib kalala vipi, naye ananyamaza na lile ndani yake. Nilimchukia pale dirishani. Nasema kweli yangu, nilimchukia.

Kule nje sinia zinapoa. Hakuna aliyesema tumesamehe, hakuna aliyesema toka. Sleiman kasimama, mikono haina pa kwenda.

Nikashtuka Mwanapili keshainuka kitandani. Akalisogelea dirisha, akabaki nyuma ya pazia kama inavyompasa mwenye eda, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viatu:

"Sleiman."

Wanaume wote wakainamisha vichwa.

"Hakupiga mara mbili. Alipiga kila siku, mpaka mkono ukashindwa kuishika simu, nikawa namshikia mie. Nilimwambia, Khatib, huyo hataki, muache. Alinikasirikia. Alisema, Sleiman haachi simu yangu ikalia. Ni mtandao. Mtandao wa Madungu mbovu." Akalishika pazia. "Kafa anasema mtandao mbovu, Sleiman. Sasa mie nikujibu nini?"

Sleiman alikaa chini pale pale aliposimama, si kwenye mkeka, mchangani. Kofia ikamdondoka. Akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisichozoea kutoka, kibaya kukisikiliza. Na hakuna aliyemwendea. Watu wa Khatib hawakujua kama wanapaswa, na wa kwake hakuja nao. Walikaa na sinia zao mbele yao wanatazama chini.

Nikamtazama mume wangu pale mchangani, na hasira zangu zote ninazo, nyingine mpya kabisa. Mtu wa kumuinua hana.

Nikajitanda kanga, nikafungua mlango wa mbele, nikapita katikati ya wanaume, nikakaa chini ubavuni mwake. Nikaiokota kofia yake. Hakuna aliyenifukuza.